Uzi ukikatika, mashine isimame



Yeyote aliyewahi kulala Newala anaijua sauti ya alfajiri ya mji ule. Kabla hakujapambazuka husikika injini ya dizeli ikiwashwa pale stendi. Inanguruma, inatoa moshi, kisha inatulia ikisubiri abiria wa Masasi. Ukitoka nje kutazama, mara nyingi utakuta ni Toyota Land Cruiser, pikapu, rangi yake nyeupe imegeuka ya vumbi, chuma cha kushikia kimefungwa nyuma kwa ajili ya abiria, na umri wake unaweza kuwa unauzidi umri wa dereva. Juu yake watapanda mama na kuku wake, mwalimu anayekwenda kufuatilia mshahara, mgonjwa aliyefunikwa khanga, na magunia ambayo hakuna aliyeyahesabu.

Siku hizi yapo mabasi madogo, zipo Noah, na pikipiki za bodaboda zimejaa kila njia panda. Lakini mvua ya kifuku ikinyesha siku tatu mfululizo, na mchanga wa uwanda wa Makonde ukachanganyika na maji, utasikia watu wakiulizana stendi: "Mkonga upo?" Mkonga ndilo jina tulilolipa gari lile, kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa lililosimama ubavuni kama mkonga wa tembo. Likiambiwa lipo, watu hutulia. Likiambiwa halipo, wengine hurudi nyumbani.

Leo nataka tuzungumze juu ya utulivu huo. Watu wa Newala na Masasi wameliamini gari la Kijapani kuliko wanavyoamini ahadi nyingi walizopewa na binadamu wenzao. Je, imani hiyo ilitoka wapi? Na je, sisi wenyewe tunaitunza, au tunaila tu kama mtu anayekula mbegu?

Naomba nianze na mjomba wangu. Kwetu sisi wa upande ule mjomba ni mtu mzito. Mtoto hulelewa akimtazama mjomba wake, na mimi nilimtazama wangu akiwa utingo wa gari. Mambo hayo yalikuwa katika miaka ya 1990, nami nikiwa bado mwanafunzi. Tajiri mmoja alikuwa na Land Cruiser iliyofanya safari za Newala na Masasi, na mjomba alikuwa anakaa nyuma, koleo mkononi, kazi yake kuchimbua magurudumu yakizama na kuweka kigingi gari likisimama mlimani. Wakati wa kiangazi gari hilohilo lilibeba mapipa ya maji. Wasikilizaji wa mbali wafahamu kwamba Newala iko juu ya uwanda, na maji yako chini mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu enzi ya mkoloni, miaka ya 1950, kwa kuyasukuma maji kupanda juu, lakini pampu ikiharibika kina mama walikuwa wanashuka bonde zima na ndoo kichwani. Siku za namna hiyo, gari lililoweza kushuka na kupanda likiwa na mapipa lilikuwa sawa na kisima.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipokuja, barabara ya kusini ilikatika vipande vipande. Wakati ule Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilikuwa halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Mtu wa Masasi aliyetaka kufika Dar es Salaam alitegemea kivuko cha Ndundu na huruma ya Mungu. Malori yalilala njiani kwa majuma. Lile pikapu la tajiri lilikwama pia, tusidanganyane. Hakuna gari lisilokwama. Lakini lilikwama, likachimbuliwa, likawaka, likaondoka. Mjomba alikuwa na msemo wake: "Gari zuri si lile lisiloharibika. Gari zuri ni lile linalokuaga kabla ya kuharibika." Alimaanisha kwamba chuma kizuri hutoa dalili. Hupiga kelele kidogo, hutetemeka kidogo, hupoteza nguvu kidogo. Mwenye masikio husikia.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tuvuke bahari kidogo twende Japani. Msemo ule wa mjomba, bila yeye kujua, unafanana mno na chanzo cha kampuni ya Toyota yenyewe.

Kampuni ile haikuanza na magari. Ilianza na nguo. Mwaka 1867 alizaliwa mtoto mmoja wa seremala wa kijijini, jina lake Sakichi Toyoda. Akiwa kijana alikuwa akiwaona wanawake wa kijiji, mama yake akiwa mmojawapo, wakifuma kwa taabu, naye akaanza kuchonga mashine za kufumia za mbao. Akaendelea hivyo maisha yake yote. Mwaka 1924 alikamilisha, pamoja na mwanawe Kiichiro, mashine ya kufuma iliyokuwa na jambo moja la ajabu: uzi mmoja ukikatika, mashine ilisimama yenyewe. Haikuendelea kufuma nguo mbovu. Kabla ya hapo ilibidi mtu akae karibu na mashine kuichunga, maana uzi ukikatika bila kuonekana, jora zima linaharibika. Kwa mashine ya Toyoda mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mashine nyingi, kwa kuwa yenye kasoro ilijisimamisha na kumwita.

Sifa za mashine ile zilifika Uingereza, nchi ambayo ndiyo ilikuwa bingwa wa nguo duniani. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ilinunua haki ya kuitengeneza kwa pauni 100,000. Mwalimu alikuwa anamlipa mwanafunzi wake. Kiichiro naye alikuwa ameshatia nia ya kutengeneza magari, na mwaka 1937 ikasajiliwa kampuni ya magari ya Toyota. Jina la ukoo ni Toyoda. La gari likawa Toyota, na mojawapo ya sababu ni kwamba kwa maandishi yao neno hilo huandikwa kwa mikato minane, na nane kwao ni namba ya heri.

Heri hiyo haikuja upesi. Baada ya vita kuu ya pili, Japani ilikuwa magofu. Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika. Wafanyakazi waligoma, zaidi ya 1,500 wakaondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu kubeba lawama. Muda si mrefu vita vya Korea vikazuka na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa maelfu, kampuni ikapona. Kiichiro alifariki Machi 1952 bila kuona matunda yenyewe.

Katika miaka hiyohiyo ya shida ndipo alipozaliwa babu wa mkonga wetu. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari la mfano wa jipu, ikalipa jina la BJ. Mwezi Julai mwaka huo dereva wa majaribio alilipandisha katika mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari lilikuwa halijawahi kufika. Polisi wa Japani walivutiwa, wakayaagiza. Lakini jina la "Jeep" lilikuwa na wenyewe Marekani, na kwa hiyo mwaka 1954 likabuniwa jina jipya, Land Cruiser, likiwa limelengwa waziwazi kwa mpinzani wake wa Kiingereza, Land Rover, aliyekuwa sokoni tangu 1948.

Na hapa Tanzania, kama wazee wetu wanavyokumbuka, Land Rover ndiyo iliyotangulia. Gari la Bwana Shauri lilikuwa Land Rover, la misheni Land Rover, la chama Land Rover. Kwa nini basi mgeni akamshinda mwenyeji? Sababu ni nyingi, lakini moja ni hii. Katika miaka ya 1970 kampuni mama ya Land Rover, British Leyland, iliingia katika matatizo makubwa ya fedha na migomo, hata serikali ya Uingereza ikalazimika kuichukua mwaka 1975. Mteja wa Afrika aliagiza gari akasubiri, akaagiza kipuri akasubiri. Mjapani alikuwa tayari na magari, na alikuwa tayari na vipuri. Land Rover lilikuwa gari imara, na hadi leo wapo wanaoliapia. Lakini uimara wa gari bila kipuri ni kama uimara wa mlango bila ufunguo.

Wazee wetu wanaikumbuka pia miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika nchini. Magari ya kila aina yaliwekwa juu ya mawe kwa kukosa beringi moja au fani belti. Watu walijifunza wakati ule somo ambalo hawajalisahau: ukinunua gari, hununui chuma tu, unanunua pia duka la vipuri na kichwa cha fundi.

Tukirudi Newala na Masasi, sasa tunaweza kueleza mapenzi ya wenye magari bila kuingiza uchawi. Muulize fundi wa gereji bubu chini ya mwembe, akwambie. Kwanza, umbo la Land Cruiser ya kazi, ile wanayoiita ya mfululizo wa 70, lilitoka mwaka 1984 na bado linatengenezwa. Chesisi ni chuma kizito, na bodi imekaa juu yake kwa bolti. Pili, tangu 1990 nyingi zimekuwa na injini ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, inayojulikana kwa alama za 1HZ. Haina turbo, haina kompyuta. Haina haraka pia. Mwenye haraka apande kitu kingine. Lakini fundi anaweza kuifungua kwa spana zilizomo katika kisanduku chake, na kijana aliyejifunza kwa injini ya mwaka 1992 hakuwa mgeni alipofunguliwa ya mwaka 2012. Ujuzi wa fundi haukuzeeka. Hiyo ni faida ambayo haiandikwi katika matangazo ya biashara.

Tatu, gari lile halipotezi thamani. Mzee mmoja mkulima wa korosho alinieleza jambo hili vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa uchumi. Alisema, "Hilo gari ni mkorosho." Nikamwuliza kwa vipi. Akasema mkorosho ukishakua unakaa miaka mingi, mwaka mmoja unazaa sana, mwaka mwingine unazaa kidogo, lakini uking'oa leo kesho utalia. Wakulima wa kusini wanajua kulia. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani 145,000 na zaidi. Kufikia 1986/87 zilibaki chini ya tani 20,000, baada ya watu kuhamishwa kutoka kwenye mashamba yao, bei kuwa mbaya, na ugonjwa wa ubwiriunga kuingia. Baadaye zao likafufuka, na msimu wa 2017/18 zikapatikana zaidi ya tani 300,000. Mwaka uliofuata soko likavurugika, hadi malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Mtu aliyepitia panda shuka hiyo hutafuta mali isiyoyeyuka mkononi mwake. Ndiyo maana msimu ukiwa mzuri, wa kipato cha kawaida hununua pikipiki na mabati, na mwenye shamba kubwa huulizia mkonga.

Sisemi haya ili kuifanyia kampuni biashara. Hainilipi, na wala haina haja ya sauti yangu, chema chajiuza. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Land Cruiser zilizouzwa duniani zimevuka milioni 10. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Land Cruiser iliyofungwa jokofu la lita 396 kwa kubebea chanjo. Tena Land Cruiser ina sura nyingine ambayo Watanzania waliipa jina la shangingi, lile la viti vya ngozi na vioo vyeusi, lililolalamikiwa hata bungeni kwa kula fedha za umma. Hilo si la leo. La leo ni gari la kazi, na jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Mjomba wangu aliacha uutingo akawa dereva, akaweka akiba, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akanunua Land Cruiser pikapu kuukuu katika mnada wa mradi mmoja uliokuwa unafunga kazi. Alilitunza kama mboni ya jicho. Mwaka 2014, mwezi wa Februari, raba za silinda ya breki zilikuwa zimechoka. Mimi nilikuwa mjini kwa kazi za redio, akanipigia simu nimnunulie. Akasema, "Mjomba, nunua halisi." Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba.

Niliingia duka la kwanza, nikatajiwa bei. Niliingia duka la pili, nikatajiwa bei ambayo haikufika hata nusu ya ile ya kwanza. Kiboksi kilekile, rangi ileile, maandishi yaleyale ya Toyota. Mwenye duka aliniapia. Nami, ndugu wasikilizaji, mtu mwenye stashahada ya uandishi wa habari, niliyefundishwa kwamba habari isiyothibitishwa haitangazwi, sikuuliza swali hata moja. Nililipa, nikaweka mfukoni chenji iliyobaki, na nilipofika Newala nikamkabidhi mjomba kile kiboksi. Raba zikafungwa.

Siku tisa baadaye dada yangu alishikwa na uchungu wa uzazi, mimba yake ya tatu. Mambo hayakwenda sawa, tukaambiwa apelekwe Ndanda. Ilikuwa saa kumi alfajiri na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mjomba alikanyaga breki pale nyumbani, akanyamaza, akakanyaga tena. Akaniambia, "Pedeli inazama." Nikamwuliza inazama sana? Akasema, "Kidogo. Juzi ilikuwa haizami." Alitaka kufungua boneti atazame mafuta ya breki. Mimi nikamwambia, "Mjomba, twende, dada anateseka. Tutatazama tukirudi."

Akanitazama. Hakusema kitu. Tukaondoka.

Wanaoijua njia ya kushuka kutoka uwandani kuelekea bonde la mto Mwiti wanajua mteremko wake. Katikati ya mteremko pedeli ilizama hadi chini na haikurudi. Mjomba alirudisha gia, akavuta breki ya mkono, akaubana ukuta wa udongo upande wa kushoto hadi gari likasimama likiwa limeinama, taa moja imevunjika na mlango umeingia ndani. Hakuna aliyefariki. Dada alikuwa amelala nyuma juu ya godoro na mama mmoja jirani amemshika. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Kulipopambazuka lilipita gari lililobeba mihogo, mkonga vilevile, mwenyewe akashusha mizigo yake kando ya barabara bila kuombwa mara mbili, akampakia dada. Mtoto alizaliwa hai. Leo anasoma shule ya msingi na anapenda kuchora magari. Lakini ingetosha mteremko ule uwe mrefu zaidi kwa hatua mia moja, na leo nisingekuwa na simulizi hili, au ningekuwa nalo la namna nyingine.

Raba ilipotolewa, ilikuwa imevimba na kuchanika kama ngozi ya kuku iliyochemshwa. Haikuwa raba ya kustahimili mafuta ya breki hata kidogo. Ilikuwa bandia.

Kuna mhandisi mmoja wa Toyota aliyeitwa Taiichi Ohno, ambaye alianza kazi katika kiwanda cha ukoo huo cha nyuzi mwaka 1932 kabla ya kuhamia kwenye magari. Aliwafundisha wafanyakazi wake kwamba kasoro ikitokea waulize "kwa nini" mara tano, maana jibu la kwanza karibu daima ni la juujuu. Baadaye nilipolisoma hilo nilikaa nikalifanyia zoezi jambo letu.

Kwa nini gari liligonga ukuta wa mlima? Kwa sababu breki hazikushika. Kwa nini hazikushika? Kwa sababu mafuta ya breki yalivuja. Kwa nini yalivuja? Kwa sababu raba ilichanika. Kwa nini ilichanika? Kwa sababu ilikuwa bandia. Na kwa nini raba bandia ilifungwa katika gari la mjomba wangu? Hapo, ndugu wasikilizaji, majibu ya chuma yaliisha, likabaki jibu la mtu. Kwa sababu mimi nilipenda bei. Na lipo la sita ambalo Ohno hakulihitaji lakini mimi nalihitaji: kwa nini hatukusimama wakati gari lilipotuaga pale nyumbani? Kwa sababu mimi nilisema twende.

Uzi ulikuwa umekatika, tukaendelea kufuma.

Msidhani Wajapani wenyewe wamesalimika na ugonjwa huu. Kati ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Toyota ililazimika kuyarudisha gereji mamilioni ya magari duniani kwa sababu ya kasoro za pedeli ya mafuta na mazulia yaliyoweza kuinasa. Februari 2010 mjukuu wa Kiichiro, Akio Toyoda, aliyekuwa rais wa kampuni, alikwenda mbele ya bunge la Marekani akaomba radhi, akakiri kwamba kampuni ilikua haraka mno. Na Januari 2024 ukatokea mkasa ambao mimi naona ni mzito zaidi. Toyota Industries, kampuni ileile iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kutengeneza mashine za kufuma za Sakichi, ilikutwa na udanganyifu katika vipimo vya kuthibitisha injini za dizeli, na magari kadhaa, zikiwemo Hilux na Land Cruiser 300, yakasimamishwa kwa muda kupelekwa kwa wateja. Nyumba ileile iliyoifundisha dunia kusimama uzi unapokatika, nayo ilifika mahali ikaendelea kufuma. Waliojulikana kwa kusimama walipoacha kusimama, sifa ya miaka mia haikuwakinga.

Sasa sisi wa Masasi na Newala tuna nini cha kujifunza? Mimi naona uaminifu haumo ndani ya chuma. Land Cruiser imekuwa ya kuaminika kwetu kwa sababu kuna mnyororo mrefu wa watu ambao kila mmoja alifanya sehemu yake: aliyechora, aliyefunga bolti kiwandani, aliyeleta kipuri halisi, fundi aliyekataa kulazimisha, utingo aliyekagua matairi, na dereva aliyesikia kelele akasimama. Mmoja wao akidanganya, au akafanya haraka kama nilivyofanya mimi, jina lililoandikwa mbele ya gari haliwezi kumwokoa abiria.

Na sisi tumezoea kuliachia jina lile mzigo wote. Tunapakia watu 25 mahali pa mizigo kwa sababu "hii ni Toyota". Tunaruka zamu ya kubadili mafuta kwa sababu "hii injini haifi". Mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi tunauacha hadi ukatike wenyewe, kisha tunamlaumu fundi. Hata magari ya umma, ya kubeba wagonjwa, utayakuta yamelala nyuma ya ofisi, majani yameota ndani ya magurudumu, kwa kasoro iliyoanza kama kelele ndogo ambayo dereva aliiripoti na mkubwa wake akamwambia, "Twende tu, tutatazama." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Barabara ya lami inakuja. Kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, imekwisha kuwekwa, na kwa kilomita 160 za kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi mikataba ilitiwa saini mwaka 2023 na ujenzi ukaanza, pamoja na daraja jipya la Mwiti. Ni jambo la kushukuru. Lakini lami ina mtego wake. Mchanga na matope vilikuwa vinamlazimisha dereva aende polepole. Kasoro ya breki ilijitokeza gari likiwa katika mwendo wa mtu anayetembea haraka. Katika lami kasoro hiyohiyo itajitokeza gari likiwa katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Raba bandia itakuwa ileile. Mteremko utakuwa uleule.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache tu. Mwenye gari, unaponunua kipuri dai risiti yenye jina la duka na jina la kipuri, na bei ikiwa nusu ya bei ya wenzake uliza kwa nini, kisha uliza tena. Fundi, usikubali kufunga kitu ambacho usingekifunga katika gari litakalombeba mama yako. Wahusika wa viwango na biashara, maduka ya vipuri yapo wazi mchana, hayajifichi; tunaomba muyatembelee, yakiwemo ya wilayani na si ya miji mikubwa peke yake. Na abiria mwenzangu, dereva akisema anasikia kelele, usimwambie "twende". Mwache ashuke atazame. Dakika kumi hazijawahi kumwua mtu kwa wingi kama haraka.

Mjomba bado anaendesha, ingawa macho yameanza kuchoka. Lile pikapu lilinyooshwa mlango, likafungwa raba halisi, na bado linapanda Newala. Kila asubuhi kabla ya kuondoka anakanyaga pedeli ya breki mara tatu, taratibu, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Abiria wageni humuuliza, "Mzee, kuna tatizo?" Naye huwajibu, "Bado. Ndiyo maana nauliza mapema." Nikiwepo mimi hunitazama kidogo, kisha huwasha gari.